Kona Zilizokatwa

4 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba sikio lako la kushoto limepunguza ukaidi. Mimi sijambo, kikohozi kimekwisha, kazi inakwenda. Naandika kwa sababu kwenye simu tunapigiana kelele tu, halafu majirani zangu wanadhani tunagombana.

Masanduku ya negativu za picha zako yamefika salama. Dereva wa basi aliyabeba kama mayai. Nimeyapanga chini ya kitanda, mbali na ukuta, kwa sababu najua umenikabidhi baada ya lile paa la studio linalovuja kukushinda. Mkuu wangu hapa maktaba amenikubalia nitumie mashine ya kuskani wasomaji wakishaondoka. Kila siku napitisha bahasha chache. Baba, kumbe uliuweka mtaa mzima kwenye bahasha! Nimemwona fundi viatu akiwa na nywele. Sikujua kwamba aliwahi kuwa nazo.

Sasa nina ombi. Zikikaa chini ya kitanda zitaoza kwangu kama zilivyokuwa zikioza kwako. Nataka kuziweka mtandaoni, kwenye hazina ya picha ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Hakimiliki ni yako wewe uliyezipiga, kwa hiyo siwezi kufanya kitu bila neno lako. Unapopakia picha unaulizwa unatoa ruhusa gani. Unaweza kukataza zisifanyiwe biashara, unaweza kukataza zisibadilishwe. Halafu kuna leseni iliyo huru zaidi: yeyote achukue, anakili, abadilishe, hata akitaka kuuza auze, sharti lake moja tu, ataje jina la mpiga picha. Mimi naona hiyo ndiyo yako. Hizo nyingine zina uchoyo fulani, na wewe hujawahi kuwa mchoyo. Na tangu mama afariki umekuwa ukisema kazi yako itazikwa nawe. Kwa njia hii jina lako litasafiri.

Ukikubali, niandikie kwa mkono wako na utie sahihi.

Mwanao,
Redio

19 Machi

Mwanangu Redio,

Marahaba, mama. Huku hatujambo, mimi na kinyozi. Sikio halijaacha ukaidi, lakini lina faida zake: kinyozi akianza kuimba nasikia nusu tu. Chumba cha mbele cha studio nimemwachia chote, anyolee humo. Nimebaki na cha nyuma, chenye kigoda cha wateja na lile pazia, na mara mojamoja anakuja mtu anayetaka picha ya kitambulisho. Wengine wote wanajipiga wenyewe kwa simu, videvu juu.

Hayo ya leseni nimeyasoma, nikayarudia, nikamsomea na kinyozi. Akauliza nani ataiba sura ya muuza mkaa. Nikamwambia ndiyo maana tunaigawa bure, isije ikaibiwa. Tulicheka mpaka mteja wake akanyolewa vibaya sikioni.

Weka, mwanangu. Hiyo iliyo huru ndiyo. Mimi watu nilikuwa nawapiga wapendeze, sasa wapendeze mbele ya nani kama wamefungiwa sandukuni? Ila jina uandike lile wanalonijua nalo, Mzee Tabasamu. Lile la kwenye kitambulisho hata mimi nikiitwa nalo huchelewa kuitika.

Mama yako angefurahi. Yeye ndiye aliyekuwa akizianika kwenye kamba huku akizisema: huyu kapendeza, huyu kanuna, huyu hakulala. Namkumbuka sana nikiiona ile kamba. Bado sijaitoa.

Sahihi yangu hiyo hapo chini. Kinyozi naye anataka kutia yake, nimemkatalia.

Baba yako,
Mzee Tabasamu

30 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. U mzima? Dawa ya sikio unaitumia au umeiweka dirishani ipigwe jua? Mimi mzima kabisa, na leo nina furaha mpaka sijui nianzie wapi.

Zote ziko mtandaoni! Watu wanazitazama kutoka nchi ambazo hata kuzitamka siwezi. Watunzi wa kitabu cha shule wamemchukua fundi viatu na nywele zake zote, na chini yake wameandika jina lako kama leseni inavyotaka. Nimekuchapia ukurasa wenyewe, umo kwenye bahasha. Mpelekee akauone.

Kazi ilikuwa kubwa. Nyingine zilikuwa na ukungu, na kuna ambazo kona zake zimekatika, nadhani ni panya. Hizo nimezitengeneza kwenye kompyuta, nikaziba kona mojamoja. Ukizitazama huwezi kujua.

Na baba, katika hizo zenye kona mbovu nimemkuta mama. Sijawahi kuiona picha hii. Amekaa kwenye kigoda chako, pazia nyuma yake, mapajani ameshika sweta dogo la mtoto. Bado kijana. Uso umevimba kwa kulia, machozi hayajakauka, na anaitazama kamera moja kwa moja bila kujificha. Maisha yangu yote sikumwona mama akilia. Nilidhani hajui kulia. Nilifunga mlango wa chumba cha mashine nikakaa naye.

Ni picha bora kuliko zote ulizopiga. Nimeiweka ya kwanza, ili kila anayefungua aanze na yeye. Nakutumia nakala yako.

Mwanao,
Redio

9 Mei

Mwanangu,

Salamu. Barua nimeipata, na nakala nimeiona.

Hakuna panya. Hizo kona nilizikata mimi.

Mteja akija kuchukua picha nilimwonyesha zote nilizompiga. Aliyoikataa nilichukua negativu yake, nikaikata kona kwa mkasi mbele yake, aone kwa macho yake. Maana yake ni kwamba hiyo haichapwi na haonyeshwi mtu. Sikuzichoma kwa sababu watu hubadili mawazo, ila ni mpaka mwenyewe arudi aseme. Kila aliyewahi kufanya kazi kwangu alilijua hilo kabla hajajua kushika kamera. Wewe nilikuwa nakufukuza kwenye chumba cha giza usije ukanywa dawa za kusafishia picha, kwa hiyo hukujifunza. Na mimi nilipofunga masanduku sikukwambia, maana ni kitu ambacho sijamwambia mtu miaka mingi. Nilisahau kwamba kuna asiyejua.

Mama yako alikuwa wa kwanza kukataa. Kona yake ndiyo ya kwanza niliyoikata.

Itoe. Zitoe zote zenye kona zilizokatwa, lakini yake uanze nayo, leo hii.

Sijakukasirikia.

Baba yako

20 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe. Nilizitoa zote siku ileile barua ilipofika, sikungoja hata kuvua viatu. Ukifungua sasa humwoni mama, na wenye kona zilizokatwa hawamo.

Lakini kuna jambo lazima nikwambie, nalo linanichoma. Ruhusa niliyoitoa kwa jina lako hairudishwi. Mimi naweza kuacha kuionyesha, lakini aliyeichukua wakati ipo anaendelea kuwa na haki nayo, na anaweza kumpa mwingine. Nililisoma hilo mwanzoni, baba. Nikaona ni jambo jema, kwamba mtu akishapewa hanyang'anywi. Sikufikiri kama kuna siku nitataka kunyang'anya.

Ya mama imechukuliwa na watu wengi kuliko nyingine zote, kwa sababu niliiweka mbele. Labda waliitazama tu wakaiacha. Watu huchukua vitu vingi mtandaoni wasivitumie. Najiambia hivyo.

Nina maswali, na kama hutaki usinijibu. Alikuwa analia nini? Na kwa nini aliikataa?

Kula vizuri, tafadhali. Msalimie kinyozi.

Mwanao,
Redio

2 Septemba

Mwanangu,

Marahaba ya barua zote ambazo sikukujibu. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa sina la kusema, na sasa ninalo, na ningependa nisiwe nalo.

Nilikwenda zahanati kuangaliwa sikio. Mama yako yuko ukutani, kando ya dirisha la dawa. Bango kubwa, uso wake ni mpana kuliko mlango. Wamemkata kuanzia kifuani kwenda juu, sweta halionekani. Wamempaka rangi, na chini ya jicho la kulia wamemtia jeraha, zambarau na njano kidogo. Juu wameandika MUME WANGU ALISEMA ANANIPENDA. Chini kuna namba ya simu ya kupiga kama unapigwa nyumbani. Na pembeni, kwa herufi ndogo zinazosomeka vizuri: Picha na Mzee Tabasamu.

Aliyemtia jeraha ana mkono mzuri, lakini amekosea. Mwanga wangu ulitoka kushoto, na kivuli cha uvimbe amekiweka kushoto hukohuko. Nilisimama pale nikikikagua kivuli kile, nikikisahihisha kichwani, mpaka mtu wa dawa akaniuliza kama nimepotea.

Hapa wote wanamjua mke wangu, na wote wanalijua jina langu. Hawana haja ya kuuliza. Wateja wa kinyozi wakinipita wananikwepa macho, wanasalimia ukuta. Kinyozi mwenyewe ananitetea kwa sauti kubwa mpaka hata mimi namsikia, na kila akinitetea anawaeleza na wale ambao hawajaliona bango.

Halafu akaja mama yako mdogo. Hakukubali kukaa. Akasema, “Shemeji, ulimpiga dada yangu?” Nikamwambia sijawahi kumnyooshea hata kidole, na kwamba lile jeraha ni rangi. Akasema, “Sawa, jeraha ni rangi. Na machozi? Nayo wamepaka? Mimi namjua dada yangu, hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa analia nini?”

Nikatazama sakafu.

Alisubiri, mwanangu. Alisubiri kwa heshima zote, mkoba wake mikononi. Mwishowe akasema, “Basi nimeelewa,” akaondoka. Tangu siku ile hajanijulia hali, na wewe unajua jinsi alivyokuwa akipita kila wiki kunifulia mapazia na kunigombeza.

Baba yako

14 Septemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sijui kama umelala na sijui kama umekula, kwa hiyo nauliza yote mawili. Mimi sijambo kidogo.

Nimelitafuta shirika lenye bango, nikaongea na mama mmoja anayeshughulikia matangazo yao. Nilipiga simu nikiwa nimejiandaa kumtukana. Sikuweza. Si watu wabaya, baba. Ile namba inapigwa kweli, na wanawake wanapata pa kukimbilia. Aliniambia kwa upole kwamba hawajavunja kitu: ruhusa ilisema wanaweza kubadilisha, wakabadilisha; ilisema wataje jina, wakataja. Hilo la jina walilifuata kwa makini sana, alisema, kwa kuwa wengine hulipuuza.

Nikamwambia, huyo ni mama yangu, na hakuwahi kupigwa, na huyo mnayemtaja ni baba yangu. Akaniomba radhi, na sauti yake haikuwa ya kazini tena. Hawatachapa mengine. Yaliyokwisha kubandikwa yametawanyika, hawawezi kuyafuata yote. Lakini mwenye kazi akitaka jina lake litolewe, hilo lazima walitimize. Watatuma mtu aanzie kwenye zahanati yenu, abandike karatasi juu ya jina. Wanachongoja ni neno lako tu. Niandikie “ondoa”, baba. Herufi tano.

La pili. Ile negativu ninayo, na picha nzima ninayo. Haina jeraha, na ina lile sweta. Nitamtumia mama mdogo kwenye simu, aone mwenyewe kwamba ni mwanamke anayemlilia mtoto, na mambo yataisha palepale. Maana nimekaa nikafikiri, lile sweta si langu. Ni la kaka yangu, yule aliyenitangulia, sivyo? Nimeshaiandaa, ni kubonyeza tu. Nangoja ruhusa yako, maana safari hii sifanyi jambo kabla hujasema.

Kwa nini hukumjibu?

Mwanao,
Redio

21 Septemba

Mwanangu,

Usimtumie. Nimemwomba dereva akupe barua hii mkononi, asiiache kwa mtu.

Sweta ni la kaka yako, umepatia. Unajua alikuwepo, hatukukueleza zaidi. Tulikuwa tumesafiri kununua karatasi za picha, tukamwacha kwa mama yako mdogo, wakati huo msichana tu. Mtoto akashikwa na homa. Yeye akadhani ni meno. Akambeba, akambembeleza, akamvika sweta alilolifuma kwa mikono yake. Tuliporudi tukamkimbiza hospitali, na hakutoka hai. Daktari alisema ule ugonjwa hata angewahishwa huenda ungemshinda, lakini msichana yule hakusikia hayo. Alisikia kwamba tumechelewa, basi.

Akaacha kula. Akawa anajificha nyuma ya nyumba, tukaogopa tutawazika wawili. Ndipo mama yako akaamua kwamba hatalia mbele yake. Mazishini alisimama macho makavu, watu wakasema ana moyo wa jiwe. Alimshika mdogo wake mkono, akamwambia, “Mimi nimeshapoa, na wewe poa.” Alimwambia hivyo mpaka yule msichana akaamini, akala, akaolewa, akazaa wake. Aliamini kwa sababu hakuwahi kuona chozi.

Siku moja mchana mama yako alikuja studio, akafunga mlango, akakaa kwenye kigoda na sweta mapajani. Akalia kilio ambacho sijakisikia tena popote. Halafu akasema, “Piga.” Nikapiga, kwa kuwa sikujua mikono yangu niipeleke wapi. Nilipomwonyesha akaitazama sana. Akasema, “Ndiyo mimi huyu. Kata. Asiione mtu, na mdogo wangu asiione kamwe.”

Sasa wewe unataka kumtumia. Atalijua sweta lake hata kabla hajauona uso. Mimi nitasafika, na yeye atajua kwamba dada yake hakupoa, kwamba miaka yote ile alikuwa anadanganywa ili aweze kula. Kwa umri alionao atalibeba wapi? Mama yako aliikataa picha ile. Amekufa bila kubadili mawazo, kwa hiyo bado anaikataa.

Na jina waache. Nimelifikiria sana, maana sikufichi, nachoka kuona ukuta ukisalimiwa. Lakini wakiliziba, atabaki pale ukutani mwanamke asiye na mtu, jeraha na namba ya simu. Siwezi kumwacha peke yake namna hiyo. Wacha wasome kwamba tuko wawili.

Jana nilikwenda zahanati na mkasi wa studio. Nikapanda kwenye benchi. Nesi akatoka mbio, “Mzee, unaharibu bango, shuka!” Nikamwambia nakata kona tu, maandishi siyagusi, na namba ya simu siigusi, wenye shida waipige. Akauliza kona ya nini. Nikamwambia mteja aliikataa. Hakuelewa, lakini alinishikia benchi.

Kuna jingine sokoni na jingine stendi. Nitayafikia yale ambayo miguu itanifikisha.

Nirudishie negativu. Isikae ugenini.

Baba yako,
Tabasamu

6 Oktoba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua niliipokea kutoka mikononi mwa dereva, nikaisomea palepale kwenye ngazi za basi mpaka kondakta akaniomba nisogee. Natumaini miguu haikuumi kwa kupanda mabenchi. Kinyozi awe anakushikia, aimbe akitaka.

Ile ya kwenye simu nimeifuta. Negativu imo humu ndani, nimeizungushia karatasi laini. Kona niliyoiziba kwenye kompyuta, kwenye hii bado imekatwa. Nimeipitishia kidole. Umekata moja kwa moja, bila kusita, na mimi nikaona meno ya panya.

Huku nako bango lipo, karibu na posta, nyuma ya kioo kilichofungwa kwa kufuli. Mkasi haufiki. Nikitoka kazini nasimama naye kidogo. Wapita njia wananihurumia, wanadhani naisoma ile namba.

Juzi mama mdogo alinipigia. Alinisalimu vizuri, akaniuliza afya, akaniuliza kazi. Halafu akasema, “Nakuuliza mara moja tu, sitarudia. Uliwahi kumwona baba yako akimpiga?” Nikasema hapana, mama mdogo, hata siku moja. Akasema, “Basi uliwahi kujua dada yangu alikuwa analia nini?”

Negativu ilikuwa mezani mbele yangu. Ukiiinua kwenye mwanga, sweta ndicho kitu cheupe kuliko vyote. Nikasema sijui.

Nikamsikia anavuta pumzi. Akasema, “Ungesema nini kingine. Wewe ni mtoto wake.”

Nikamwambia ndiyo, mama mdogo. Mimi ni mtoto wake.

Akakata simu. Sidhani kama atanipigia tena.

Mwanao